Mashine ya Chaki

Kila Jumapili asubuhi, katika shule ya ufundi huko Mahalla, mji wa viwanda vya nguo, Mwalimu Wagih alimaliza mkate wake wa maharage, akapangusa mikono, akachora ubaoni mashine ya kukerezea chuma. Mashine za kweli zilikuwepo, tatu, zilizoletwa kwa fedha za msaada miaka sita nyuma. Zilikaa stoo, bado zimevikwa nailoni. Ami Ayyad, mtunza stoo, ndiye aliyezitilia sahihi, na kikivunjika hata kishikio, yeye ndiye angelipa kwa pensheni yake. Nani angefungua? Hata mimi nisingefungua.

Wiki moja Nesma, mwanafunzi wake, binti wa mfumaji, alikuwa na mtihani wa Alhamisi kwenye kiwanda cha vipuri. Wakimkubali, angejifunza kazi huko siku nne kwa wiki na kusoma shuleni siku mbili. Wakimkataa, angekwenda kufungasha mataulo na shangazi yake. Mashine alikuwa hajaigusa hata kwa kidole.

"Ami, nifungulie moja tu. Nusu saa."

"Mwanangu, niombe figo. Figo haijaandikwa kwenye daftari."

Jumapili ile Mwalimu alichora kwa makini kuliko siku zote, mpaka skrubu za nyuma. Alipounganisha mstari wa mwisho, mashine ikaanza kuzunguka. Vipande vyembamba vya chuma vilidondoka sakafuni, vya moto.

"Nesma, funga nywele," alisema Mwalimu. "Na usiegemee ubao, utafuta mkanda."

Alikereza siku nne. Vyuma saba viliharibika, cha nane kikatoka laini. Ami Ayyad alifagia mabaki huku akipiga mluzi, maana chuma kile hakikuwa kwenye daftari lake.

Alhamisi, injinia wa kiwanda alikipima kipande cha Nesma mara mbili.

"Umejifunzia mashine gani, binti?"

"Ya chaki, Mhandisi."

"Nzuri hiyo. Haitikisiki." Akampa ovaroli.

Kwa mshahara wa kwanza Nesma alinunua katoni ya chaki, akaipeleka shuleni.

"Mwalimu, Mungu akuweke. Bila wewe ningekuwa nahesabu mataulo."

"Umenikumbuka, mwanangu. Basi nimeshiba," alisema Mwalimu, na macho yakamlowa bila aibu.

Lakini kila kinachopita lango la shule ni mali ya shule. Ami Ayyad alimwombea Nesma dua ndefu, ya kweli kabisa, kisha akaiandika katoni, akatia sahihi, akaivika nailoni, akaipandisha juu ya mashine ya kwanza. Akafunga stoo.

Nesma hakushangaa, alikuwa mtoto wa shule ile. Alichomoa kijiti kimoja cha chaki alichokuwa amekificha kwenye mkono wa ovaroli, akamwekea Mwalimu kiganjani. Mwalimu akamshukuru tena, akageukia ubao. Kijiti kilitosha kuchora mashine moja. Wanafunzi waliokwisha kufunga nywele na kukunja mikono ya mashati walikuwa thelathini na wawili.