Mkono wa Mpiga Kinanda

Mama Pasi hakuwa ameingia kanisani tangu alipobebwa mgongoni, na hata safari hiyo aliijua kwa kusimuliwa tu. Kwake Jumapili ilikuwa siku ya mashati. Wateja walitaka mashati ya Jumatatu, na mashati ya Jumatatu hayajinyooshi yenyewe. Kwa hiyo jirani yake Nesi, ambaye alistaafu hospitali lakini hakustaafu kuamrisha watu, alipomkuta asubuhi hiyo amevaa gauni lake la bluu na duka amelifunga, alijua kilichomtoa si ibada. Ni binti yake.

Habari ilikuwa imemfikia, na aliyeileta ni Nesi mwenyewe. Binti na mumewe wanahama. Mume kapata kazi ya kufundisha muziki mji wa mbali, na leo ilikuwa mara yao ya mwisho kanisani pale, binti kwenye kwaya, mume kwenye kinanda. Wiki hiyo hiyo wangepakia vyombo waende zao.

Mama na binti walikuwa hawajasemezana miaka minne, na kosa lilikuwa la mama, tusifichane. Yule kijana alipokuja kujitambulisha, alisimama mlangoni mwa duka akasema, "Shikamoo, mama." Mama Pasi akaendelea kunyoosha kola. Kijana akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti zaidi. Mama Pasi akaligeuza shati upande wa pili. Salamu ikabaki inaning'inia pale pamoja na nguo za watu, mpaka kijana akaaga na kuondoka. Jioni ile Mama Pasi akamwambia binti yake kwamba vidole vya kubonyeza kinanda havilishi mtu, na kwamba akimfuata huyo, ajue hana mama. Ulimi hauna mfupa. Binti akamfuata. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mama Pasi mjukuu hakuwa naye, lakini majuto alikuwa nayo ya kugawia mtaa mzima.

"Siendi kuongea naye," alimwambia Nesi njiani. "Nimwone akiimba, basi, nijiondokee. Nikimwendea akanipa mgongo mbele za watu, sura yangu nitaiweka wapi?"

"Sawa. Ila nisikilize, maana Walutheri si watu wa kubahatisha. Wakisimama, simama. Wakikaa, kaa. Mchungaji ataimba kidogo na watu watamjibu kwa kuimba, usishtuke, hawagombani. Namba za nyimbo ziko ubaoni. Na wimbo tukiuanza tunaumaliza, beti zote, hata kama mvua inanyesha na nguo ziko kambani. Wakati wa Chakula cha Bwana watu wataenda mbele kupiga magoti. Wewe kaa tu, hakuna atakayekuuliza. Wageni wakiombwa wasimame..."

"Sisimami."

"Nilijua. Basi tukae nyuma kabisa. Walio nyuma ndio wanaotoka kwanza."

Mama Pasi alimpenda sana Nesi kwa maneno hayo.

Kanisani alitegemea kukodolewa macho, hakukodolewa. Kuta zilikuwa nyeupe, msalaba mmoja, mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na migongo ya watu. Mzee mmoja alisogea kumpisha, akampa kitabu cha nyimbo kikiwa tayari kimefunguliwa penyewe, halafu akatazama mbele asimsumbue. Mchungaji akaingia na joho jeupe lenye mkunjo kutoka begani mpaka kiunoni. Kwa dakika nzima Mama Pasi hakuuona uso wa mtumishi wa Mungu, aliona mkunjo.

Kisha kwaya ikasimama, naye akamwona. Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kwenye kinanda. Mashavu yalikuwa yamejaa kidogo, na alikuwa amevaa miwani. Miwani! Macho ya mwanawe yameharibika, kapelekwa kupimwa, kachaguliwa fremu, na yeye mama mzazi hana habari. Wimbo ukaisha, watu wote wakakaa, na Mama Pasi akabaki wima peke yake katika kanisa zima la watu hadi Nesi alipomvuta gauni.

Ikafika sehemu ya kuungama. Waliisoma wote pamoja, naye akaifuata kwa kidole kitabuni. Yalitajwa mawazo, yakatajwa maneno, yakatajwa matendo. Kwenye maneno kidole kikagoma. Wenzake waliendelea kusoma wakamwacha pale. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna aliyemtazama mwenzake. Walikuwa wakosaji kwa sauti moja, yule mzee wa heshima, mchungaji, hata Nesi, ambaye siku zote alijiona malaika aliyekosa mabawa tu. Mchungaji akawatangazia msamaha, na watu wakafungua ukurasa mwingine kana kwamba ni jambo la kila siku.

Wageni walipoombwa wasimame, Mama Pasi alikuwa ameinama anatafuta kitu muhimu sana kwenye mkoba wake.

Lakini jambo lililomwingia kabisa lilikuwa kinanda. Wazee wa benchi la mbele waliuvuta kila mstari kama watu wanaopandisha mlima, na kinanda kikawa kinawangoja. Mpigaji aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza pumzi zao ziishe, ndipo akaendelea. Hakuwaharakisha hata mara moja. Mama Pasi alitazama vile vidole, akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kijana wa namna ile ndiye ambaye yeye alimnyima neno moja la kuitikia salamu.

Baraka ikatolewa. Mchungaji akapita katikati kuelekea mlangoni, na benchi la nyuma likamfuata. Mama Pasi alishabana mkoba kwapani, tayari kukata kona ya kwanza. Mchungaji akampa mkono mlangoni, akasema, "Karibu sana, mama." Mzee wa kanisa akampokea kwa mkono wa pili, akamsimamisha kando yake taratibu. Nesi akasimama upande mwingine, akamshika kiwiko. Mtu aliyefuata alimpa mkono mchungaji, akampa mzee, akampa Mama Pasi, akampa Nesi, akajipanga. Na aliyefuata vivyo hivyo.

"Nesi. Hiki nini?"

"Tunapeana mikono. Kila anayetoka anawasalimu waliomtangulia, halafu anasimama mwisho."

"Kanisa zima?"

"Zima. Aliyetoka kwanza ndiye anayewasalimu wote."

"Umenieleza yote ukaniacha na hili!"

"Ningekueleza, ungekuja?"

Angeweza kukimbia, lakini mikono ilikuwa imeshaanza kuja. Mikono migumu, mikono laini, mkono wa mtoto uliojaa peremende, kila mmoja na "karibu, mama" yake. Utamkimbiaje mtu aliyekushika mkono? Kisha yakatoka majoho ya kwaya.

Binti alikuwa anacheka na mwenzake, akanyoosha mkono kabla hajaona ni wa nani anaoupokea. Akainua macho. Kicheko kikakatika, na nyuma yake mstari wote ukasimama.

"Nilikosea, mwanangu," alisema Mama Pasi, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine, na hayo alikuwa nayo siku nyingi. "Nilikosea tangu siku ile."

Binti akavua miwani, machozi yakamshuka. "Kila nikienda sokoni napita ng'ambo ya duka lako. Nasimama nakutazama unapiga pasi. Huwa huinui kichwa, mama."

"Kwa nini hukuniita?"

"Uliniambia sina mama."

Mama Pasi akamvuta mwanawe kifuani na joho lake lote. Watu wakangoja. Binti hakwenda kujipanga mwisho kama utaratibu unavyotaka. Alijipenyeza kati ya mama yake na Nesi, na Walutheri, wenye utaratibu wao, wakasogea kumpisha.

Ndani kinanda kikanyamaza. Mpigaji hutoka wa mwisho, na huyu alipofika mlangoni akaona nani amesimama pale. Aliushika mkono wa mchungaji muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akasogea, akainamisha kichwa, akaongea taratibu kama mtu asiyetegemea kujibiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilifika hadi kwa watoto waliokuwa wakicheza getini. Mama Pasi akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili. "Na ile ya kwanza dukani, marahaba. Na ile uliyorudia, marahaba. Nilizisikia zote."

Kijana alijaribu kucheka, akashindwa. Hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake.

"Mizigo mmeshafunga?" Mama Pasi aliuliza baadaye, akijifuta uso.

"Bado nguo," alisema binti.

"Basi msizifunge. Zileteni kwangu leo, zote, hata shuka."

"Mama, safari ni siku mbili. Zitajikunja tena humo kwenye sanduku."

"Zijikunje," alisema Mama Pasi. "Nyinyi zileteni."