Joho la Kengele

Mimi nikishampima mtu, nimempima. Vipimo naandika daftarini, na akirudi hata baada ya miaka miwili, sihangaiki tena na futi. Mafundi wenzangu wananicheka eti najifanya kompyuta. Wacheke wee mpaka wachoke, sijawahi kurudishiwa nguo.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa mwisho akaingia kibandani na mfuko. Ni mwimbaji, watu wanamwita Kengele kwa ile sauti yake. Mfukoni mlikuwa na nguo za marehemu wetu: vitenge vya mama, shati la kazi la baba, gauni la bibi.

"Dada, nishonee joho moja kwa hizi. Nimechoka kuimba na suti za kuazima, nikiiga watu wasionijua. Safari hii naimba nyimbo zangu, kwa lugha ya nyumbani. Nataka wakiniona tu wajue mimi ni wa nani."

Machozi yalinilenga, nikayameza. Nikaanza kupanga vipande mezani.

"Hunipimi?" akauliza.

"Nikupime wewe? Nimeanza kukushonea hujui hata kufuta kamasi! Hebu nipishe."

Alisimama mlangoni kidogo, na lile koti lake zito alilong'ang'ania hata juani, kisha akaondoka. Nilidhani anaringa, umaarufu umempanda kichwani. Hata mezani siku hizo alikuwa akigusa chakula na kusukuma sahani, nami namsema.

Joho likatoka, lo! Mwenyewe nililizunguka mara tatu.

Siku ya onyesho, kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, akavua koti na shati nyuma ya pazia, akatoka amelivaa joho. Likammeza. Mabega yalimfika karibu na viwiko.

"We! Umeufanya nini mwili wako?" nikafoka, kumbe naogopa. Nilipomshika mgongoni nikagusa mifupa mitupu.

"Funga tu, dada. Wananiita."

Nikakunja nyuma, nikabana kwa pini zote nilizokuwa nazo. Akapanda. Nyimbo mbili aliimba hata mimi nikasahau pini. Kwenye wimbo wa tatu akainua mikono, pini zikaachia, joho likaporomoka hadi kiunoni. Mbavu zote nje.

"Jamani, huyu mgonjwa!" mtu akapaza sauti. Simu zikainuliwa. Kengele akajaribu kuendelea, sauti ikagoma. Picha zilisambaa kabla hajashuka ngazi, na hakuna aliyeuliza alikuwa anaimba nini.

Nilimkalisha kwenye kreti tupu la soda. Nikamwomba msamaha mpaka nikakosa maneno.

"Ni mwaka sasa naumwa," akasema. "Nilishindwa kukwambia kwa mdomo. Ndiyo maana nikakuletea kazi. Nikasema, dada akinizungushia futi, atajua mwenyewe."

Nikachukua shati lake, nikamvisha, nikamfunga vifungo kimoja kimoja. Kumtazama usoni sikuweza.