Mkono wa Mchomaji

Mama alikuwa anaumwa magoti, ndiyo maana tulienda Mbeya. Dada yangu Scolastika ameolewa kule, Mbalizi, na tangu tumalize kuvuna pamba alikuwa anapiga simu nyumbani Kishapu kila Jumapili. Mleteni Mama, huku kuna maji yanachemka yenyewe kutoka chini ya ardhi, watu wanaingia na fimbo wanatoka wameibeba begani. Mama akasema sawa, ila siendi peke yangu. Wote wakanitazama mimi. Kwetu wanajua sikai mahali, shule yenyewe niliiachia darasa la sita, kwa hiyo safari zote za ukoo ni zangu.

Nikaomba ruhusa kwa Mwigulu. Mwigulu ana mwalo kule Segese, pale tunapoosha mawe ya dhahabu yakishatoka kwenye karasha yamekuwa unga. Akanipa siku tano.

"Jumatatu uwe hapa, Masalu," akasema. "Wenye mawe wote watakuwepo. Wewe ndiye unachoma."

Hiyo nafasi niliingoja miaka mitatu kabla sijaipata. Kuchoma si kazi ya kila mtu. Unachanganya tope na zebaki kwenye beseni, unasugua kwa mkono mpaka zebaki iikusanye dhahabu yote. Unaikamua kwenye kitambaa, ikikaa sawa inalia kama kiatu kipya, na vidole ndivyo vinakuambia hapo basi. Halafu unaiweka motoni. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Muda wote huo wenye mawe wamekuzunguka, na hawatazami moto. Wanatazama mkono wako. Mkono ukitetemeka, umeiba. Pale kwetu ndivyo ilivyo, nimeikuta hivyo.

Aliyekuwa anachoma kabla yangu anaitwa Telesphori, mtu wa Ushirombo, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha mkaa. Siku moja mkono wake ukaanza kucheza mbele za watu. Mimi ndiye niliyepaza sauti kwanza. Nikamwuliza, "Umechukua nini?" Wakamvua viatu, wakamvua shati, wakampekua mdomoni kwa mpini wa kijiko. Hawakukuta kitu. Wakamfukuza hivyo hivyo, mkono ulikuwa umeshasema.

Sikuamini kwamba kaiba. Kabla ya hapo alishakuja bwana afya na boksi la glavu, akatueleza zebaki inaingia mwilini, vidole vinakufa ganzi, mikono inatetemeka. Tukamsikiliza kwa adabu. Alivyoondoka tukaziacha glavu kwenye boksi, maana nani atavaa glavu mbele ya wenye mawe? Watasema anaficha punje ndani. Telesphori alivyokuwa anavuliwa shati, mimi maneno ya bwana afya nilikuwa nayakumbuka yote. Lakini nilitaka nafasi yake.

Nikaenda kuihadithia nyumbani kama kichekesho. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Sasa miezi miwili sifungi vifungo vya shati. Navaa fulana. Chai nainywa ikiwa nusu kikombe ili isimwagike. Nikichoma naegemeza kiwiko gotini, wenye mawe hawajaona. Sijamwambia mtu. Nilijiambia mkono ukitulia kwa hizi siku tano, Jumatatu nachoma.

Basi tulipandia Kahama. Mama alilala, mimi niliukalia mkono wa kulia mpaka Chunya.

Shemeji yangu Abel anaendesha fuso la kubeba chokaa, mtu wa maneno mengi. Ijumaa akasema kabla Mama hajapelekwa kwenye maji moto, lazima tukaone Ziwa Ngozi, huwezi kuja Mbeya ukarudi Usukumani bila kuona Ngozi, utawaambia nini ng'ombe. Mama na Scolastika wakabaki chini barabarani wanakula viazi vya kuchemsha. Sisi tukapanda na mwongozaji. Msitu mzito, tope, baridi kali. Mimi kwetu mti unauona mmoja, unatembea nusu saa unaona mwingine. Kule miti imekazana mpaka jua halifiki chini.

Tukafika juu, kwenye ukingo. Chini kabisa, maji ya kijani, yametulia, yamezungukwa na kuta za msitu pande zote.

"Hapa mlima ulilipuka zamani, ukadidimia," mwongozaji akasema. "Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji yenyewe yanabadilika rangi."

"Yana nini chini?" nikamwuliza.

"Wengine wanasema joka. Wengine wanasema dhahabu ya Wajerumani."

Abel akanigonga bega. "Umesikia shemeji? Kazi yako hiyo. Shuka."

Nikalitazama. Nikaona shimo. Nikawa nahesabu kamba ngapi zifungwe kufika chini, mbao ngapi za kuzuia kuta zisiporomoke. Mwongozaji alikuwa ananitazama usoni, nadhani wageni wakifika pale wanasema kitu. Nilisubiri nishangae. Haikuja. Niliona ni zuri, kama unavyoona nguo dukani ni nzuri na si saizi yako.

Abel akanipa simu nimpige picha. Nikapiga sita. Akazifungua.

"Shemeji, hizi ni picha au umelitikisa ziwa?"

"Baridi," nikasema.

"Mbona mimi nimevaa shati tu?"

"Wewe umezaliwa kwenye friji. Sisi Kishapu baridi tunaisikia redioni."

Akacheka, tukashuka. Neno la baridi lilinisaidia. Nilimwambia Mama baridi, nilimwambia Scolastika baridi, jioni kijiko kikagonga sahani nikasema hii Mbeya yenu ina baridi.

Jumamosi asubuhi tukaenda Songwe kwenye maji moto. Kule ni bondeni, jua linawaka. Fulana ilinilowa jasho kabla sijashuka kwenye fuso. Ardhi ni nyeupe kwa chokaa, ngumu, imetoka mabonge kama nta iliyomwagika. Mvuke unatoka kwenye nyufa. Sehemu nyingine maji yanatokota kabisa, sehemu nyingine yanateremka kwenye vidimbwi, kadiri yanavyoenda yanapoa. Mama alionyeshwa kidimbwi cha wagonjwa, kuna akina mama wengine wamekaa humo mpaka kiunoni na kanga zao, wanapiga soga kama wako kwenye ngoma.

"Shikamoo Mama," wakamwambia. "Ingia polepole, mguu kwanza."

"Marahaba. Sasa hamwivi?"

"Tuko hapa tangu saa mbili, mama. Sisi ni wagumu, nyama ya maksai."

Mama akaingia. Akafumba macho. Nilimwona magoti yanapotea majini, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyetua kuni.

Scolastika alikuwa amekuja na mayai nane kwenye ule mfuko wa wavu wa vitunguu. Kule huo ndio mchezo, unayafunga kamba unayazamisha kwenye tundu linalochemka, unasubiri. Yeye akafunga kamba kwenye jiwe. Tukakaa. Abel akaanza kunieleza habari za fuso, kwamba nikitaka nibaki, kupakia mifuko hakuhitaji cheti. Nikamwambia Jumatatu nina kazi.

"Kazi gani ya Jumatatu tu?"

"Nachoma."

"Mkubwa huyo," akasema. "Mchomaji."

Nilikuwa nafurahi kulisikia hilo jina. Safari hii lilipita tu.

Muda ulipofika Scolastika akavuta kamba. Fundo likafunguka. Kamba ikarudi tupu, wavu ukabaki kule chini, unaonekana, umekaa kwenye ukingo wa ndani. Mtu mmoja aliyekuwa jirani akasema tutafute mti wa kuuvutia. Scolastika akaondoka kuutafuta. Mimi nikainama, nikaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko, nikaushika wavu, nikautoa.

Watu wakapiga kelele, halafu wakacheka. Yule jirani akasema, "Huyu mkono wa chuma. Mnatokea wapi nyie?"

"Shinyanga," Abel akamjibu, kwa majivuno kidogo. "Huyu anachoma dhahabu."

"Ndiyo maana. Ameshazoea moto."

Nikatoa yai moja kwenye wavu nikalishika, nalizungusha, naangalia kama limepasuka. Wengine walikuwa bado wanacheka. Scolastika akarudi na mti wake, akaona.

"Masalu. Hilo yai haliunguzi?"

Nikalitazama. Lilikuwa linatoa mvuke.

"Ni la moto?" nikasema.

Kule kwenye kidimbwi Mama alikuwa amesimama. Maji yanamchuruzika kwenye kanga. Hakupiga kelele. Alikuja bila fimbo, moja kwa moja, akanishika kiganja akakifungua, yai likaanguka. Mkono wote ulikuwa mwekundu kama nyama buchani. Scolastika akaanza kuumwagia maji ya chupa. Na hapo, juani, fulana imelowa, mkono ukiwa ndani ya mikono ya Mama, ukawa unacheza. Baridi haikuwepo.

"Tangu lini, ng'wanone, mwanangu?"

"Tangu mvua ziishe."

Akautazama. Nilimwona anakumbuka kitu.

"Yule mwizi wako," akasema. "Wa Ushirombo. Tuliyemcheka."

"Hakuwa mwizi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mama aliuachia mkono wangu, halafu akaushika tena. Scolastika akamwaga maji yaliyobaki.

Nikamwomba Abel atoe simu yangu mfukoni ampigie Mwigulu. Vidole vya kulia vilikuwa vimeanza kuvimba, na vya kushoto huwa vinabonyeza namba mbili mbili. Akapiga, akaweka sauti ya nje, akanishikia. Nyuma ya Mwigulu karasha lilikuwa linanguruma.

"Mchomaji," Mwigulu akasema. "Unarudi lini?"

"Sitachoma Jumatatu."

"Kwa nini?"

"Mkono unatetemeka."

Karasha likasaga, likasaga.

"Masalu."

"Naam."

"Umechukua nini?"

Abel akanitazama. Nilifikiri nitakasirika. Nilikaa naingoja hasira kama nilivyoungoja ule mshangao kule ziwani.

"Sijachukua kitu," nikasema. "Ni zebaki. Telesphori pia ilikuwa zebaki."

"Telesphori anaingiaje hapa? Mimi nakuuliza wewe. Mwezi uliopita ulichoma mara mbili nilipokuwa Kahama."

"Unaweza kuja kunipekua."

"Wewe unajua mwenyewe." Akavuta pumzi. "Basi. Nitampa Frank. Frank ana mkono mzuri."

"Mpe glavu."

Mwigulu akacheka, kicheko cha kweli, cha rafiki. "Glavu? Afiche nini?"

"Namba ya Telesphori unayo?"

"Niliifuta," akasema, akakata.

Abel akairudisha simu mfukoni kwangu. Yule jirani wa mkono wa chuma alikuwa ameondoka. Mama akamenya yai, akalichovya kwenye chumvi aliyokuwa nayo Scolastika kwenye karatasi, akanilisha. Mtu mzima, ndevu zinaota, nalishwa yai na mama yangu mbele ya watu wa Mbeya. Nikala. Lilikuwa limeiva vizuri, kiini kikavu. Kwenye mkono lengelenge lilikuwa linapanda, linajaa taratibu, nikawa nalitazama kama la mtu mwingine.

"Linauma?" Abel akauliza.

"Bado."

Pale zahanati ya Mbalizi walinifunga bendeji, wakasema kuhusu kutetemeka niende hospitali kubwa na nisishike tena zebaki. Mama alirudi kwenye maji Jumapili baada ya misa, mimi nikabaki kwa Scolastika.

Jumatatu saa nne, wakati ambao pale kwetu mkaa unakuwa umeshika, nilikuwa nimekaa kwenye fuso la Abel, anipeleke hospitali kubwa. Namna ya kumpata Telesphori ilinichukua asubuhi nzima. Nilimpigia mwanaapolo mwenzangu mmoja, mchimbaji wa kule Segese, akanipa namba ya mwenye duka Ushirombo karibu na kanisa. Mwenye duka alikuwa mwanamke, anaitwa Anisia, sauti ya haraka haraka, wateja wanamsubiri.

"Telesphori namfahamu," akasema. "Anakaa nyuma ya hapa. Ila simu haongei sana siku hizi, haishiki. Mkewe ndiye anayemlisha. Unataka nini?"

"Namsalimia tu."

"Haya. Nimwambie nani?"

Abel alikuwa amewasha injini, anasubiri nifunge mlango. Nilijaribu kuufunga kwa mkono wa kushoto, kitasa kikaniponyoka.

"Halo? Nimwambie nani anamsalimia?"

"Mwambie ni yule aliyemwuliza amechukua nini."

"Nini?"

"Mwambie hivyo hivyo. Atanijua."

"Subiri basi," Anisia akasema, "mkewe huyu hapa anapita," na nikamsikia anaita, na nikasikia ndala za mtu zinakuja kwenye simu.