Kupe wa Njia ya Mkato

"Huyu mbwa leo anaondoka!" mume wangu alifoka, huku akijibandua kupe mwingine kwapani. "Nimempata mtu wa kumchukua. Kesho kupe wake watanila mzima mzima."

Mbwa mwenyewe, tunayemwita Mkurugenzi, alikuwa amelala chini ya cherehani yangu, hana habari. Ni mzee, jicho moja bovu. Tangu watoto wahame, ndiye ninayeshinda naye. Aende, halafu mimi nizungumze na nani, sindano?

Nikampigia simu wifi yangu, daktari wa mifugo. Alikuja mbio, akaniomba kitambaa cheupe, akakiburuta kwenye majani kuzunguka banda la mbwa. Kikatoka safi.

"Kaka, kazini unapitia wapi?"

"Njia ya mkato, nyuma ya uzio."

Ndiyo hiyo hiyo! Majani yamefika kiunoni. Nimemwambia ayafyeke mpaka mate yakanikauka, na yeye kila siku ni kesho. Mkurugenzi hakanyagi huko, hatoki hata getini. Wifi akakiburuta kitambaa huko. Lo! Kilirudi na madoa yanayotembea.

"Kupe haruki wala hana mabawa," wifi akasema. "Anapanda jani, ananyoosha miguu ya mbele, anasubiri. Miguu hiyo ndiyo pua yake. Inanusa pumzi na jasho, inahisi joto. Ukimgusa tu, umembeba. Hebu wahemee."

Mume wangu, fundi bomba mzima na kifua chake, akainama akahema. Kupe wakainua miguu kumwelekea, kama watoto wanaotaka kubebwa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Na jioni ukirudi, nani hukulalia miguuni?" nikamuuliza.

"Basi, mama watoto. Nimesikia."

Wifi alituachia dawa ya kumwogeshea mbwa, akaenda zake. Mchana ule ule mume wangu aliyafyeka majani yote, bila kuambiwa na mtu. Kisha akampigia simu yule wa kumchukua mbwa, akamwambia asije tena. Akaketi sakafuni na kibanio, akawa anamtoa Mkurugenzi kupe masikioni, mmoja mmoja. Nikaona midomo yake inacheza. Nikaacha kukanyaga cherehani ili nisikie.

"Nisamehe, mzee wangu," alikuwa akimnong'oneza. "Kumbe ni mimi niliyekuwa nakuletea."

Mkurugenzi akamwekea kichwa pajani, akafumba lile jicho zima.