Jina Nyuma ya Kibati

Kumkuta fundi mwingine juu ya paa la mama yako ni jambo moja. Kumkuta anakunywa kahawa kwa kikombe cha marehemu baba yako ni jingine kabisa. Arvid Tveit aliyaona yote mawili kwa mpigo, akasimamisha gari katikati ya kilima kwa wivu.

Ketchikan, mji wa pwani ya Alaska, mvua hainyeshi, inaishi pale. Anayengoja jua ndipo aezeke atazeeka na nyundo mkononi. Arvid alikuwa ameezeka ndani ya mvua hiyo miaka thelathini, na nyumba ya mama yake, Bi Borghild, ndiyo ilikuwa ya kwanza. Leo inavuja, na mama kampigia simu nani? Renato Balanza! Renato huyo huyo aliyekwisha kumchukulia wateja nusu ya mji kwa tabasamu tu.

Hakubisha hodi. Alizunguka nyuma, akapanda ngazi.

"Karibu kaka," alisema Renato, amepiga magoti kando ya dohani. "Angalia hapo, vigae vinateleza."

"Mimi wa kufundishwa vigae? Wateja hawajakutosha, sasa umekuja kuniibia na mama?"

"Mama haibiwi, kaka. Kapiga simu mwenyewe."

Hilo "mwenyewe" lilimchoma. Arvid akaanza kutafuta kosa, na mtafutaji hachoki. Hakutafuta sana. Vibati vinavyozunguka dohani hupangwa kama magamba ya samaki, cha juu kikilalie cha chini, maji yateremke. Kimoja cha juu kilikuwa kimechomekwa kinyume, chini ya mwenzake, na mvua ilikuwa ikiingia humo kama imekaribishwa. Arvid alifurahi hadi akacheka.

"Ndiyo kazi yako hii? Mjinga gani anachomeka kibati hivi? Hata paka asingekosea!"

"Hicho sijakigusa bado," Renato alisema polepole, akavuta turubai kukifunika. "Kaka, kiache."

Arvid alikwisha kuking'oa. Mafundi wa pale hukwaruza jina na mwaka kwa msumari nyuma ya kibati cha mwisho. Akakigeuza ili alisome jina la mjinga huyo kwa sauti, mtaa mzima usikie.

Akalisoma kimya. ARVID, 1994. Herufi zilikuwa kubwa, za kijana mwenye majivuno.

Chini yao dirisha la jikoni likafunguka.

"Renato!" Bi Borghild aliita, kutoka pale hakuweza kuona paani. "Kile kibati umekitoa? Kakitupe mbali, Arvid asije akakiona. Namjua mwanangu, akijua atakufa kwa aibu."

Renato akamtazama Arvid. Arvid akatikisa kichwa: usiseme.

"Nimeshakitoa, mama."

Arvid akakitia kibati ndani ya koti, akashuka kwa nyuma, akazunguka na kubisha mlango wa mbele kama mpita njia.

"Leo umenikumbuka!" mama yake alisema. "Na umelowa hivyo! Kaa." Akammiminia kahawa kwenye kikombe cha wageni.

"Paa lina nini, mama?"

"Aa, upepo tu. Kigae kimoja. Nikaona nisikusumbue kwa kitu kidogo. Paa lako halina kasoro, mwanangu, miaka yote hii."

Kando ya dohani, sakafuni, palikuwa na duara jeusi lililokula mbao. Ukubwa wake ulikuwa wa ndoo, na halikuwa la mwaka mmoja wala miwili.

"Na hiyo alama?"

"Nilikuwa naweka chungu cha maua," alisema mama, akampa mgongo kutafuta sukari.

Juu, nyundo ya Renato ilikuwa ikigonga polepole, bila kukosea. Arvid aliisikiliza, kibati kikimchoma ubavuni, akamwonea wivu kuliko alivyomwonea kule kilimani. Yule akishuka, mama atamwambia ukweli.