Umri wa Mtoto

...au ile programu ya pili ya kulinda kompyuta, ile aliyoipigia fundi mistari miwili kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi yake, lakini ya pili inaomba ruhusa kila saa, inatokeza kidirisha na kuuliza una hakika, una hakika, na mimi niko bafuni au nimetoka kununua mkate, wa kuulizwa ni mke wangu, Mwalimu, na Mwalimu atabofya ndiyo, kila mara anabofya ndiyo, kwa adabu tu, kama anavyoitikia mtu akibisha hodi... ile ya bure fundi kaifuta mwenyewe, kasema hiyo mzee ni pazia, si mlango, basi ndiyo nimechukua ya tatu, na binti yetu naye jana kwenye simu kaniambia chukua ya tatu Baba, inafunga kila kitu, usijiumize kichwa, na sijiumizi, kichwa hakiumi, hakuna kinachouma, nimekaa mbele ya skrini tangu chai ya asubuhi na chai yenyewe imeshafanya utando, nimetazama ule mstari wa kijani ukijaa mpaka mia kwa mia, na sasa programu inauliza nani mwingine anatumia kompyuta hii, inanipa visanduku viwili, mtu mzima, mtoto, na kwenye karatasi ya fundi imeandikwa kwa herufi kubwa, kama vile mgonjwa ni mimi, MAMA MUWEKE MTOTO, maana mtoto hawezi kumruhusu mtu wa mbali aingie, hawezi kufungua barua ya asiyemjua, hawezi kufuta kitu, hata saa hawezi kuibadili... nimebofya mtoto. Jina la mtoto. Nimeandika jina la mke wangu, lote, kama lilivyo kwenye cheti chake cha ualimu pale ukutani. Umri wa mtoto. Hapa ndipo nilipofika, kuna orodha, inaanzia mitatu inaishia kumi na saba, na Mwalimu ana sitini na tisa.

Yuko nyuma yangu kwenye kochi anakunja nguo, namsikia, anakunja shati, analikunjua, analikunja tena, halafu anasema, mume wangu, yule kijana ameshapiga simu, nami nasema bado, nimeshasema bado mara tano tangu asubuhi, haichoshi, inatoka kama pumzi... miaka thelathini na mmoja alifundisha hesabu, ni yeye aliyenifundisha mashine hii, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye kipanya, akasema taratibu, usikikamue, si chungwa hilo, na wiki nzima akawa ananiita mkamua machungwa mbele ya binti yetu, na nilicheka, nakumbuka kwamba nilicheka, nakumbuka kama mtu anavyokumbuka namba ya nyumba... ningemweka kumi na saba, lakini fundi alisema kumi na saba inaachia mambo mengi, kumi na mbili basi, kumi na mbili anaweza kuzidisha namba kubwa kwa kichwa, Mwalimu bado anaweza, juzi alizidisha mia tatu na kumi na nane kwa ishirini na sita, nikahakikisha kwa kikokotoo, akapata, kisha akaniuliza choo kiko wapi.

Siku ile nilikwenda kumchukulia dawa, foleni ikawa ndefu, niliporudi nikamkuta yuko kwenye simu anacheka, mshale kwenye skrini unatembea wenyewe, yeye mikono yake iko mapajani, akaniashiria ninyamaze, ni kijana wa kompyuta, anaitibu, ina ugonjwa. Nilichomoa waya ukutani. Hakukasirika, alisema tu, umemkata hajamaliza... fundi alifungua mashine dukani akasema faili zote zimetiwa kufuli na ufunguo anao huyo mtu, na ndani yake mlikuwa na kitabu chake, cha watoto wanaoogopa hesabu, kazi ya miaka minane, kurasa mia mbili na kitu, hakuna nakala kwingine, fundi akafuta kila kitu ili mashine ianze upya, akaniambia pole. Nilimwambia Mwalimu jioni ile, akalia mpaka akalala. Asubuhi akaniuliza kitabu changu kiko wapi, nikamwambia tena, akalia upya, kilio kile kile, mwanzo mpaka mwisho. Siku ya tatu nikasema kipo, kinapumzika. Tangu hapo ndiyo hakuna kinachouma... mume wangu, ameshapiga? Bado.

Na jinsi gani asingemfungulia, mimi mwenyewe nimesoma mita za maji miaka yangu yote ya kazi, najua, unabisha hodi, unasema mimi wa maji, watu wanakuonyesha mpaka nyuma ya jiko, hawaulizi kitambulisho, wengine walitaka tu mtu wa kusema naye, kulikuwa na mama mmoja mjane, kila mwezi akianza kunisimulia habari za mumewe mimi nishaandika namba nishafika getini, nilikuwa na nyumba arobaini kwa siku, ndivyo nilivyojiambia, arobaini... yule mwizi hakuwa na arobaini. Fundi aliniambia ameingia kwa muda gani, mashine huandika, alisema masaa mawili na dakika kumi na moja, halafu akasema, kazi yenyewe mzee ni ya dakika kumi, sijui muda wote huo alikuwa anafanya nini.

Alikuwa anamsikiliza. Ngoja... alikuwa anamsikiliza, labda kwa ujanja, labda alikuwa anangoja vitu vyake viishe kupakiwa, lakini alikuwa kwenye simu na Mwalimu alikuwa anacheka, masaa mawili, na mimi tangu daktari alipotuambia kumbukumbu yake inapotea sijampa hata robo saa, nampa dawa, nampa chakula, nampa bado... fundi aliniorodheshea vilivyochukuliwa, barua, picha, maneno ya siri, kitabu, na hili halimo. Kuna mtu mahali fulani anajua mke wangu alisema nini mchana ule mzima. Mimi sijui. Sikuuliza. Niliuliza tu yule kijana alipiga kwa namba gani.

Kuna kitu chini ya mbavu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi, si vizuri, unatamani ubaki vile vile... skrini bado inauliza umri. Nyuma yangu shati linakunjuliwa, anasema, mume wangu, yule kijana ameshapiga simu, na neno bado limeshafika kwenye ulimi, nalizuia hapo, maana nina swali, ulimwambia nini, tena huenda hakumbuki, huenda atanisimulia jingine kabisa, la uongo, la zamani, la mtu mwingine, na liwe lolote, itabidi kwanza nigeuze kiti.