Mfuko Chini ya Blanketi

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi, Khonzaphi aliingia chumbani kwa mzee Mandlakayise Mthembu akiwa amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi na kujitanda shali mabegani. Aliamkia huku macho yake yako sakafuni, kisha akakipa kitanda mgongo na kuutazama ukuta. Hapo ndipo kazi yake ilipoanzia.

Kazi yenyewe ilikuwa kumkinga mzee na maambukizi. Khonzaphi alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye watu wa milima ile humwita Nompilo. Zahanati ilimpa mkoba, boksi la glavu na daftari lenye visanduku vya kutia alama. Lakini miaka mingi kabla ya kuwa Nompilo alikuwa ameolewa katika ukoo huohuo wa Mthembu, na mumewe alikuwa mtoto wa binamu wa mzee huyo. Kwa hiyo mzee alikuwa baba mkwe wake, na yeye alikuwa makoti, yaani mke wa mwana. Na mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe mwili, halitaji jina lake, wala hatamki mbele yake jambo lolote la kiunoni kwenda chini. Naye mzee alikuwa amerudi kutoka hospitali na mpira wa mkojo.

Tezi dume ilikuwa imeziba njia ya mkojo. Madaktari walipitisha mpira, wakaufunga mfuko wa plastiki mwishoni, wakamrudisha nyumbani asubiri zamu yake ya kupasuliwa. Hukohuko hospitalini alikwisha kupata maambukizi mara moja, yakapanda mpaka kwenye figo. Sista Ngidi wa zahanati alimweleza Khonzaphi bila kuzungukazunguka.

"Mara ya pili hataiweza. Figo zile zimechoka. Ni wiki sita tu, Nompilo. Mfikishe kwenye upasuaji akiwa mzima, basi, nami sitakuomba kitu kingine mwaka huu."

Akamwonyesha la kufanya. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa na baada ya kugusa. Mpira usichomolewe kwenye mfuko. Na zaidi ya yote mfuko uning'inie chini, chini kuliko kibofu, bila kugusa sakafu, mchana na usiku. Ukipandishwa, mkojo uliolala humo hurudi tumboni pamoja na wadudu wake. Khonzaphi alikata waya wa uzio, akaukunja kwa koleo mpaka ukawa ndoano, na MaNtuli, mke wa mzee, akautundika kwenye ubao wa kitanda.

Mikono ya kazi ilikuwa ya MaNtuli, bibi wa miaka sabini na ushei, mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu. Khonzaphi alimfundisha jikoni, kwa chupa tupu ya mafuta ya kupikia na kipande cha mpira, mara ishirini, mara thelathini. Chumbani alimwongoza kwa kusikiliza tu.

"Umesugua na vidole gumba, Mama?"

"Nimevisugua."

"Sijasikia."

"Sasa kidole gumba kinalia? Kwani ni ng'ombe?"

Mzee alicheka kitandani. "Usibishane naye. Makoti huyu masikio yake yako mgongoni."

"Na mdomo wake uko ukutani," alisema MaNtuli. "Ukuta huu sasa unajua kuhudumia wagonjwa kuliko mimi."

Lakini alirudi kwenye beseni na kuvisugua tena, na safari hii Khonzaphi alisikia.

Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kuhurumiwa hivihivi. Kwa miaka thelathini alikuwa msimamizi wa genge la barabara, na barabara inayoshuka mpaka mto Thukela aliisimamia yeye. Alinyolewa ndevu kila siku. Mtu akiingia, alitaka akutwe ameketi, amefungwa vifungo vyote vya shati. Mpira ule hakuutaja kwa jina hata siku moja. Aliuita "jambo la hospitali", na kwa kweli aliuita hivyo mara mbili tu.

Wiki tatu zilipita vizuri. MaNtuli akiumwaga mkojo alitangaza rangi yake kwa sauti, kama mtu anayetangaza hali ya hewa: "Chai ya rangi iliyozidi maji!" Khonzaphi akatia alama kwenye kisanduku. Mlangoni aliweka beseni, sabuni na taulo, ili kila anayekuja kumtazama mgonjwa aoshe kabla ya kumpa mkono. Watu walinung'unika kidogo.

"Siku hizi kwa Mvelase tunaoshwa kama tunakwenda kula," jirani mmoja alisema, akimtaja mzee kwa jina la sifa la ukoo, "na nyama yenyewe hatuioni."

Lakini waliosha, na Khonzaphi akalala usingizi.

Wiki ya nne, Ndabazezwe, mdogo wake mzee, alileta habari kwamba wakwe watakuja Jumamosi. Binti mdogo wa mzee alikuwa ameposwa na watu wa Sithole, ng'ambo ya mto. Sasa baba wa kijana, ambaye kila mtu alimwita Jobe kwa heshima ya ukoo wake, alitaka kuja na mkewe kumjulia hali mwenzake. Ijumaa Khonzaphi alifika kuandaa. Alihimiza maji yachemshwe, mbwa wafungwe, shuka zifuliwe na kuanikwa juani. Aliyawaza yote anayoyajua kuhusu wadudu. Kuhusu aibu hakuwaza. Jambo hilo ndilo lililomkosesha amani baadaye, kwamba alikuwa na siku nzima ya kulifikiria na hakulifikiria.

Jumamosi alikuja si kama Nompilo bali kama makoti wa ukoo, kusaidia jikoni. Wakwe walifika saa nne. Jobe, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, aliosha mikono mlangoni bila ubishi, akasema nyumba hii ina adabu. Khonzaphi akafurahi. Kisha akapewa sinia la mahewu, uji mchachu wa mahindi, apeleke chumbani.

Mwanamke akileta kinywaji mbele ya wanaume hupiga magoti. Khonzaphi alipopiga magoti macho yake yakawa sawasawa na ubao wa kitanda, na hapo akauona waya. Ulikuwa mtupu.

Aliinua macho kidogo kuliko ilivyoruhusiwa. Mzee alikuwa ameketi akiegemea mito mitatu, amevaa koti lake jeusi na tai. Blanketi la kahawia lilimfika kifuani. Ubavuni, chini ya blanketi, palikuwa na kitu kilichofura kama mkate, na mkono wa mzee ulikuwa juu yake, umetulia, kama mkono wa mtu anayemshika kuku asitoroke.

Alilitua sinia chini, akarudi nyuma kwa magoti mpaka mlangoni, kisha akakimbia jikoni.

"Mama," alimnong'oneza MaNtuli, "ule mfuko uko juu."

"Najua. Nimeupandisha mimi."

"Mama! Sista alisema nini?"

"Sista hajaolewa hapa." MaNtuli hakuacha kukoroga sufuria. "Ulitaka niuache pale chini? Mkojo wa mume wangu uwatazame wakwe usoni?"

"Tuufunike basi. Kitambaa tu. Ubaki chini, ndani ya kitambaa, hakuna atakayejua."

MaNtuli aliacha kukoroga. Uso wake ukalainika. "Hilo lingefaa," alisema. "Ungeniambia jana."

"Tufanye sasa."

"Nani? Mimi niingie mbele ya Jobe nipekue blanketi la mume wangu? Au wewe?" Akarudi kwenye sufuria. "Watakunywa, watakula, wataondoka. Mikono niliosha, kama unataka kujua. Na vidole gumba."

Khonzaphi alimfuata Ndabazezwe, ambaye alikuwa nje akimsimamia mchunaji wa mbuzi. Alipiga magoti mbali kidogo, akatafuta maneno yasiyo na makosa.

"Baba mdogo, kuna kitu cha hospitali ambacho hakiko mahali pake. Mwanamume akiingia mara moja, akakishusha..."

"Kitu gani?"

Mchunaji wa mbuzi alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza.

"Kile cha mgonjwa, Baba."

Ndabazezwe alielewa, na uso wake ukakunjamana. "Makoti, hayo ndiyo mazungumzo ya kuniletea hapa, mbele ya watu? Mwili wa baba yako? Zahanati wamekupa mkoba, hawakukupa ruhusa ya kukosa haya."

"Atapata homa, Baba."

"Wageni wakiondoka nitalitazama. Inuka, jikoni wanakungoja."

Wageni hawakuondoka. Mto ulikuwa umejaa baada ya wao kuvuka, Jobe alikuwa na hadithi nyingi, na mzee, aliyekuwa hajacheka vile tangu hospitali, alimwomba alale. Saa nane Khonzaphi alipata nafasi yake ya mwisho. Nyama ilikuwa tayari, na lazima apite na maji ya kunawa. Akamnawisha Jobe, akamnawisha mkewe, kisha akapiga magoti mbele ya kitanda na kuinua beseni. Mzee alitoa mkono mmoja tu. Wa pili ulibaki juu ya blanketi.

"Na wa pili, Baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Mmoja unatosha kula."

"Baba, naomba. Ule wa pili umebeba kitu kizito. Kiweke chini, upumzike."

Hakuwahi kumwambia maneno mengi hivyo akiwa ameelekea upande wake. Jobe alikatiza hadithi yake. Mzee alimtazama, si kwa hasira. Alielewa kila kitu. Alikuwa amesikia mafunzo yote yaliyosemwa kwa ukuta ule, na alijua habari ya figo kuliko Ndabazezwe na MaNtuli.

"Sijachoka, makoti," alisema. "Nimeketi na wakwe zangu. Nenda."

Jobe akacheka. "Mvelase, wake za wanao wanakupenda!"

"Wananisumbua," mzee alisema, naye akacheka, na mkono haukusogea.

Khonzaphi alitoka na beseni, akayamwaga maji nyuma ya nyumba, akasimama pale. Angeweza kuingia na kupiga kelele. Aliwaza hivyo. Lakini aliiona picha yote: mzee amefunuliwa mbele ya Jobe, amevuliwa heshima yake na mke wa mwanawe. Akaona kwamba hata mfuko ukishuka, mzee asingemsamehe, na wala asingemruhusu tena kuusimamia ukuta wake. Akarudi jikoni kuosha sahani.

Usiku MaNtuli aliushusha mfuko, na asubuhi akaupandisha. Wakwe waliondoka Jumapili mchana, baada ya sala ndefu. Khonzaphi alikwenda nyumbani, akakata sketi yake kuukuu ya buluu, akashona kifuko chenye kamba ya kuvuta juu, kipimo sawasawa na mfuko wa hospitali. Alishona mishono miwili miwili ili kisichakae mapema.

Jumatatu saa tatu alisikia meno yakigongana kabla ya kusikia sauti. Mzee alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

"Tangu alfajiri," MaNtuli alisema. "Nimemfunika mablanketi manne. Nimeosha mikono, Nompilo, nimeosha mpaka imechubuka. Na mfuko uko chini, njoo uone, uko kwenye waya."

"Rangi gani, Mama?"

MaNtuli hakutangaza. "Kama maji ya kuoshea vyombo," alisema taratibu. "Na unanuka."

Basi Khonzaphi akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikitazama kitanda cha baba mkwe wake moja kwa moja. Kila kitu kilikuwa kama Sista Ngidi alivyotaka. Waya ulikuwa umekaza, mfuko unaning'inia bila kugusa sakafu, mpira haujapinda. Kisingepatikana kisanduku kimoja cha kutiwa alama mbaya. Mzee alikuwa ameloa jasho, vifungo vya shati vimefunguka, na macho yake yalimpata.

"Geuka, makoti," alisema.

Akageuka.

Aliipigia simu zahanati, zahanati ikaita gari la wagonjwa, na gari likaambiwa lipite njia ya mlimani kwa sababu ya mto. Walingoja tangu saa tatu na nusu mpaka saa nane na robo. Wakati huo wote Khonzaphi alisimama akiutazama ukuta na kumwambia MaNtuli la kufanya: kitambaa cha maji kwenye paji, maji ya kunywa kijiko kwa kijiko, mikono, Mama, mikono. Alijua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo litakalobadilisha kitu, na hakuacha kuyasema. Ndabazezwe alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akautazama waya. Mzee alipopandishwa garini, kifuko cha buluu kilikuwa bado ndani ya mkoba wa Khonzaphi. Alisahau kukitoa. Au hakusahau.

Alifariki hospitalini Alhamisi. Zamu ya upasuaji ilikuwa imebakiza siku tisa.

Jumamosi nyumba ilijaa. MaNtuli alikaa kwenye godoro sakafuni, kama ilivyo kwa mjane, blanketi la kahawia likiwa mabegani na mshumaa pembeni. Khonzaphi alikaa karibu naye na wanawake wengine wa ukoo. Kitanda kilikuwa kimetolewa nje, kimeegemezwa ukutani, na waya ulikuwa bado umekunjwa kwenye ubao.

Jobe aliingia na mkewe. Alilia kwanza, kwa sauti, kisha akajifuta uso na kusema maneno ya faraja ambayo kila mtu aliyasikia.

"Mama, sisi tunashukuru Mungu kwa kuwa tulimwona. Wiki iliyopita tu! Ameketi kama chifu, amevaa tai. Hakuna harufu, hakuna kitu cha ugonjwa mbele yetu. Nimewaona wagonjwa wengi, Mama, lakini msafi kama Mvelase sijamwona."

Wanawake wakaitikia. MaNtuli aliinamisha kichwa. Kisha akageuza macho yake yenye ukungu, akamtafuta Khonzaphi, akamshika kiganja. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa bado imechubuka.

"Umesikia, Nompilo? Alikuwa msafi."

Watu walikuwa wakingoja.

"Alikuwa msafi, Mama," Khonzaphi alisema.

Chakula kilikuwa karibu kuletwa. Akainuka, akachukua beseni na sabuni, akaenda kuwanawisha wageni mikono.